Dakika Kumi Zilizopotea Angani

Ukipita juu, kutoka uwanja wa ndege aliofanyia kazi Mnara mpaka ule aliohamishiwa mke wake ni dakika hamsini. Unakunywa chai, unasinzia kidogo, unamsikia abiria wa pembeni akihangaika na tumbo lake, umefika. Ukipita chini ni habari nyingine kabisa. Katikati umekaa mlima ambao haujawahi kupasuliwa barabara, na nyuma ya mlima kuna bwawa la matope lenye matete marefu kuliko nyumba. Mwenye safari yake analazimika kwenda mpaka mji mkuu, alale huko, kisha apande gari jingine la kurudi upande wa pili. Siku mbili hizo, na vumbi mpaka masikioni. Juu ni kilomita mia mbili na kidogo. Za chini hakuna aliyewahi kuzihesabu akazimaliza bila kutukana.

Mnara alizijua habari hizo kwa sababu ndiyo kazi yake, na kwa sababu zilikuwa zinamla ndani kwa ndani.

Mnara si jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mrefu, na uwanja wao haukuwa na mnara wa kuongozea ndege, basi rubani mmoja mtu mzima akasema, mnara mnautafuta wa nini na huyu amesimama hapa? Jina likaganda. Uwanja wenyewe ulikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, benchi la abiria, mizani iliyomwongezea kila mtu kilo mbili, redio juu ya meza, na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Nje palikuwa na nguzo yenye mfuko wa upepo, lami ndefu iliyochoka, na uzio wa seng'enge ambao ng'ombe wa majirani waliuheshimu siku walizojisikia.

Ndege ilikuwa moja, ya abiria kumi na wawili, nayo ilikuja mara tatu kwa wiki. Ikishaondoka upande wa pili redio inaita: imeruka, saa fulani. Hapo Mnara anatakiwa ainuke. Anafukuza ng'ombe, ambao walipenda kulala juu ya lami kwa sababu inashika joto mapema kuliko majani yenye umande. Anatembea njia nzima kwa miguu akiokota mawe na mifupa inayoachwa na mbwa. Anautazama mfuko wa upepo, anarudi, anasimama na mtungi wake. Ukiyafanya hayo yote bila kuzembea, dakika hamsini zinatosha, lakini hazibaki za kuchezea.

Zamani kazi hiyo waliifanya wawili, mke redioni, mume kwenye lami. Redio ikishaita, mke anatoa kichwa dirishani: "Baba watoto, ng'ombe hao! Chai utaikuta!" Miaka yote ile Mnara hakuwahi kutazama saa. Hakuwa na haja nayo, saa yake ilikuwa dirishani inamwita. Marubani walimpenda yule mama kwa namna alivyotamka maneno redioni, moja moja, bila papara, hata mvua ikinyesha. Wakambatiza Sauti. Mnara alilipenda jina hilo, enzi hizo.

Kisha wakubwa wa makao makuu wakaukarabati uwanja wa upande wa pili wa mlima, wakataka mtu wa redio anayeaminika, wakamchukua Sauti. Wakampa cheo, nyumba ya vyumba viwili, na shati jeupe lenye mistari mabegani. Mnara alisema hongera. Aliisema kwa mdomo tu. Mistari ile ya mabegani ndiyo iliyoanza kumkosesha usingizi, kabla hajatokea mwanaume yeyote wa kumlaumu. Yeye alianza kazi pale kabla ya mke wake, tena ndiye aliyemtafutia mke wake hiyo kazi, na mabegani mwake hakukuwa na kitu ila jasho.

"Ni miaka miwili tu, baba watoto," mke akamwambia siku ya kufunga mizigo. "Watoto wako shule ya bweni, hawatapungukiwa. Na sisi wafanyakazi si tunapanda bure? Kiti kikiwa wazi tu, nakuja."

Kiti kikiwa wazi! Hakuna kiti kilichowahi kuwa wazi kwenye ndege ile. Kulikuwa na wagonjwa, wafanyabiashara, maofisa, mabibi wanaokwenda kutazama wajukuu. Miezi mitano ikapita, mume huku, mke kule, mlima katikati. Simu ya mkononi nayo ilikuwa kero, maana kule kwa mke mtandao ulipatikana chini ya nguzo ya mfuko wa upepo peke yake, na mfuko wa upepo huwekwa penye upepo. Kila Jumapili Mnara alikuwa anasikia fuuu, fuuu, na katikati yake neno moja moja la mkewe. Palipobaki ni redioni, na redioni kila mtu anasikiliza, rubani, makao makuu, hata viwanja vya mbali. Mtu umeishi na mke miaka kumi na mitano, leo unamwambia, "Nakupata vizuri, endelea."

Na kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anamwona Sauti mara tatu kwa wiki, ana kwa ana, bila fuuu.

Rubani alikuwa kijana, au tuseme alikuwa bado hajaanza kunenepa, ambalo kwa Mnara lilikuwa kosa tosha. Alivaa miwani myeusi, akanukia sabuni nzuri, na alicheka ovyo. Alimwita Mnara kaka. Mara ya kwanza kulitaja lile jina la Sauti mbele yake, Mnara alihisi mtu amemkanyaga kidole cha mguu. "Sauti anakusalimia," alisema Rubani, akishuka ngazi. Ana mume huyo, ana watoto wawili, na wewe umekuja juzi tu unamwita Sauti?

"Salamu zimefika," Mnara akajibu, akaenda kupakua mizigo kwa hasira.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera kwa huyo kijana. Asubuhi moja, mwezi wa pili tangu mke aondoke, Rubani alishuka mpaka magurudumu yakakaribia lami, kisha akainyanyua ndege kwa kelele, akazunguka, akarudi tena. Mnara alikuwa kwenye kibanda cha chai cha dada yake, hapo getini. Alitoka mbio na kikombe mkononi, akakuta ng'ombe wawili, akawasukuma pembeni. Ndege ilipotua Rubani hakucheka. Alimtazama Mnara kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga. Mnara akajisemea, kijana anajionyesha kwa abiria. Ng'ombe wawili, tena wa pembeni, ndiyo kuzunguka mbingu nzima? Siku zikaenda, akalisahau.

Muda si mrefu, dakika zikaanza kupotea.

Redioni Sauti anasema, imeruka saa tatu kamili. Mnara anajibu, nimepata. Anakunywa chai, anafukuza ng'ombe, anatembea lami, anasimama na mtungi wake, anatazama mwanya wa mlima ambako ndege hutokea. Hakuna ndege. Anasimama mpaka miguu inachoka. Inakuja saa nzima imetimia, wakati mwingine na ushei. Mara ya kwanza alisema upepo. Mara ya pili alisema mawingu. Mara ya nne alisema kitu ambacho hakiandikiki.

"Kapteni, njiani kulikoni?" alimuuliza Rubani. "Mbona siku hizi mwendo umekuwa mrefu?"

"Upepo, kaka. Wa usoni."

Mnara akageuka kuutazama mfuko wa upepo. Ulikuwa umening'inia kwenye nguzo kama suruali iliyoanikwa. Rubani naye akautazama, akavaa miwani yake, akasema lazima awahi.

Basi hapo ndipo wivu ulipopata pa kukaa. Kuwa mbali na mke ni maumivu, lakini ni maumivu ya jumla, huwezi kuyashika. Dakika kumi zinashikika. Mlima haujasogea, ndege ni ile ile, upepo hakuna, sasa dakika kumi zinatumikaje? Mnara alizijaza mwenyewe. Aliziona kuanzia mwanzo mpaka mwisho: Sauti amesema imeruka, kumbe ndege imesimama pale pale, abiria wamefungwa mikanda wanatoka jasho, na huyo kijana amerudi ofisini kidogo kusahau kitu. Anasahau nini, kila safari? Alipolala aliziona, alipokula aliziona. Alianza kuikodolea macho saa ya ukutani ambayo miaka yote ile hakuwahi kuijali.

Kisha ikaja chupa ya chai.

Rubani alishuka nayo mkononi siku moja, ya bluu, ina maua mekundu, kifuniko kimebonyea upande. Mnara hakuhitaji kuisogelea. Alikijua kile kibonyeo kwa sababu yeye ndiye aliyeiangusha chupa, mwaka wa kwanza wa ndoa. Ilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi yake.

"Chupa nzuri hiyo, Kapteni."

"Ya shemeji. Yule mama anajua kupika chai, acha kabisa!"

Mnara akacheka meno ya juu tu. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, ambaye alikuwa ameshaona yote kutoka kibandani, kwa maana kazi yake ya kwanza ilikuwa kuona, chai ilikuwa ya pili.

"Kaka, mimi sitaki kuingilia ya watu," dada akaanza, na mtu akianza hivyo ujue ameshaingia mpaka chumbani. "Chai ya kikombe ni ukarimu. Kila mgeni anapewa. Lakini chai ya kupewa na chupa yake uondoke nayo, mh."

"Mh nini?"

"Mimi sijasema kitu."

"Sema, dada."

"Wifi yangu nampenda. Nimesema mh tu."

Mh hiyo ilimkaa Mnara kichwani wiki nzima. Jumapili alipiga simu, akasubiri fuuu itulie, akauliza bila salamu: "Ndege inacheleweshwa na nini huko kwako?"

"Haicheleweshwi," akasema mke.

"Dakika kumi zinakwenda wapi?"

Upepo ukavuma. Ukavuma tena. "Baba watoto," akasema mke taratibu, kwa ile sauti yake ya mvua, "kazi inakwendaje? Ukiitwa unatoka mapema? Lami iko safi?"

"Usinibadilishie mazungumzo!"

"Sijabadilisha. Naomba unijibu."

Mnara akakata simu. Mwanamke ana dhambi, halafu anakuuliza habari za ng'ombe!

Mwezi uliofuata Mkubwa wa makao makuu alipita kukagua uwanja. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi na kalamu tatu mfukoni. Alitazama mtungi, alitazama uzio, alisikitika, akakaribishwa chai kibandani. Mnara alikuwa amejikaza kisabuni asubuhi nzima. Kikombe cha pili kikamfungua.

"Mkubwa, mimi si mtu wa majungu," akasema. "Ila ndege inasemwa imeruka na kumbe haijaruka. Fuatilia upande wa pili. Rubani na huyo wa redio, fuatilia."

"Huyo wa redio si mkeo?"

"Ndiyo maana nasema fuatilia."

Dada yake alikuwa anafuta meza ile ile kwa mara ya tatu. Mkubwa akaitazama chai yake, akaacha kuinywa.

Hakukuchukua muda. Mkubwa alikwenda upande wa pili bila kutangaza, akasimama nyuma ya Sauti asubuhi ya safari, akamsikia kwa masikio yake akisema ndege imeruka wakati mizigo bado iko chini. Aliuliza kwa nini. Sauti akasema amekosea. Akaonyeshwa safari za nyuma, akasema alikosea na hizo. Rubani alipoulizwa alimtazama Sauti kwanza, kisha akasema hajui, yeye hurusha ndege tu. Rubani akapewa onyo. Sauti akavuliwa shati lenye mistari, akaambiwa arudi kwake asubiri uamuzi, kwa kuwa kutaja muda wa uongo redioni ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi.

Mkubwa mwenyewe ndiye aliyempigia Mnara simu. "Ulikuwa na haki," akasema, na sauti yake haikuwa ya kupongeza. "Anarudi na ndege ya Ijumaa. Kiti kimepatikana."

Mnara alikaa kwenye benchi la abiria. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa mchungu mdomoni mpaka akatema mate. Basi ni kweli, alijisemea. Mtu asiye na kosa angejitetea. Wawili hao hawakujitetea, basi ni kweli. Alikesha akipanga maneno ya kumwambia mke akishuka ngazi, akayapanga vizuri, ya kwanza ya baridi, ya pili ya moto.

Ijumaa redioni aliita mtu mwingine, mwanaume, sauti nzito ya mtu mwenye mafua. "Imeruka saa tatu kamili." Mnara akajibu, nimepata. Akaenda kwa dada yake akanywa chai kama kawaida, akayarudia maneno yake, akaongeza kikombe, kwa kuwa miezi yote hiyo alikuwa ameshazoea kuisubiri ndege, wala si ndege kumsubiri yeye. Akainuka polepole. Akashika fimbo. Hakuwa amefika hata kwenye nguzo ya mfuko wa upepo aliposikia mngurumo kwenye mwanya wa mlima.

Alisimama akidhani ni ndege nyingine.

Ilikuwa ile ile. Na juu ya lami walikuwa wamelala ng'ombe, si wawili, kundi zima, wamejinyoosha kwenye joto lao katikati kabisa ya njia. Mnara alitupa fimbo, akaiokota tena, akakimbia. Alikimbia akipiga kelele ambazo hakujua anazo. Ng'ombe hana haraka ya mtu. Mmoja aliinuka kwa miguu ya nyuma, akafikiri, akalala tena. Ndege ikashuka, ikashuka, kivuli chake kikampita Mnara mgongoni, kisha injini zikalia na ikapanda tena na magurudumu yake nje, karibu sana mpaka akaziona nyuso madirishani. Uso mmoja aliujua. Mke wake alikuwa ameegemea kioo, macho yake yako kwake, wala hakuonekana kushangaa.

Ikazunguka mara ya kwanza. Mnara alikuwa analia na kusukuma ng'ombe kwa mikono. Ikazunguka mara ya pili, ndipo lami ikawa wazi, ikatua kwa kudunda mpaka mtungi mwekundu ukaanguka wenyewe.

Abiria walishuka wakishikana. Mama mmoja alikaa chini pale pale kwenye lami, akakataa kuinuka. Rubani alishuka bila miwani. Wa mwisho alikuwa Sauti, na gauni la kawaida na sanduku lake. Yale maneno ya Mnara, ya baridi na ya moto, yalikuwa yametoweka yote.

"Imewahi," akasema, akihema. "Leo imewahi."

"Haikuwahi," akasema mke. "Ni dakika hamsini. Haijawahi kuwa zaidi."

Mnara akamtazama. Akatazama ng'ombe, kibanda, mlima. Yule mtu aliyekuwa anahesabu dakika usiku kucha alihitaji muda mrefu sana kuifanya hesabu hii moja.

"Siku ile ya ng'ombe wawili, Kapteni alipozunguka, alitaka kukuripoti," akasema mke. Hakupandisha sauti. "Nilimwomba. Nilimwambia mume wangu amezoea kuitwa dirishani, na dirishani sipo. Niachie mimi, nitakuwa namwita kutoka huku. Basi nikawa nasema imeruka wakati wanapakia mizigo, ili uwe na muda wa kumaliza chai yako. Na yeye nikampikia yake, afunge mdomo."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie kwamba unazembea kazini? Wewe? Mistari ya mabegani tu ilikukaa kooni, ningekuambia na hilo?"

Mnara hakuwa na pa kuangalia. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na katikati ya haya hiyo, jamani, wivu bado ulikuwepo, umekaa pale pale pake. Siri hiyo waliijua wawili, na yeye hakuwa mmoja wao.

Rubani akasogea. "Shemeji, leo siwezi kunyamaza, kuna abiria. Lakini nikisema ya leo nataka niseme na ya nyuma, kwa nini ulitaja muda ule. Ila mimi peke yangu hawataniamini. Watasema tunalindana." Akamgeukia Mnara. "Mpaka kaka mwenyewe aseme."

Ilikuwa rahisi kutosema. Mnara aliliona hilo waziwazi. Uzio ulikuwa umetoboka, Mkubwa aliuona mwenyewe, akasikitika. Angesema nimesafisha lami, ng'ombe wamevunja uzio dakika ya mwisho, na nani angebisha? Kazi angebaki nayo. Na mke angebaki naye. Asubuhi mke jikoni, usiku mke kitandani, chupa ya bluu juu ya meza yake mwenyewe, mlima ukae kwao, Rubani arushe ndege yake. Akisema ukweli, Sauti atasafishwa, atarudishiwa shati lake, na ataondoka tena kwenda kwa yule yule wa mara tatu kwa wiki. Na yeye atabaki huku, hana kazi, hana mke.

"Mimi sitasema kitu," akasema mke, akiinua sanduku lake. "Nimeshazoea kutosema."

Akaanza kutembea kuelekea getini. Mnara aliutazama mgongo wake. Alitembea kama mtu anayerudi nyumbani kutoka msibani. Hapo Mnara akaingia ofisini, akaisimamisha redio sawasawa juu ya meza, akabonyeza. Viwanja vyote vilikuwa vinasikiliza, kama kawaida.

"Makao makuu," akasema. "Ng'ombe walikuwa juu ya lami. Mimi nilikuwa nakunywa chai." Akabonyeza tena. "Si leo tu. Na yule mliyemvua shati alikuwa anaficha uzembe wangu mimi mume wake. Mmenipata?"

Mkubwa akajibu mwenyewe, polepole. "Tumekupata vizuri."

Nje, mke wake alikuwa amesimama getini. Dirisha lilikuwa wazi. Dada yake wa kibandani naye alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema hata mh.

Uamuzi ulichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu walikaa nyumba moja. Sitasema zilikuwa tamu. Mke alipika, mume alikula, sahani zikaoshwa. Usiku mmoja mke aliuliza gizani, "Ulinidhania kweli?"

"Nilikudhania."

"Na sasa?"

Mnara angeweza kudanganya, lakini mwezi huo alikuwa ameshachoka na uongo. "Kidogo," akasema. Mke akaguna, akageukia ukuta, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mnara alipomshika akakuta anacheka.

Sauti alipewa karipio, akarudishiwa redio na mistari yake. Mnara aliondolewa kwenye lami, akapewa kazi ya kupakia mizigo, chini ya mtu mpya aliyekuja na filimbi na saa kubwa ya mkononi. Asubuhi aliyoondoka mke, Mnara ndiye aliyelipakia sanduku lake.

Chupa ya bluu ilibaki nyumbani. Wiki iliyofuata Mnara aliamka mapema, akapika chai ya tangawizi kama mke anavyoipenda, akaimimina kwenye chupa, akaibana kifuniko chake kilichobonyea. Dakika hamsini ni kidogo, chai inafika bado inatoa moshi. Kisha akachukua kamba ya katani akakizungushia kifuniko mara nyingi, akapiga fundo lake la mizigo ambalo hakuna mtu mwingine uwanjani aliyelijua. Akampa Rubani.

"Ya mke wangu," akasema. "Mpelekee."

Rubani akaitazama kamba, akamtazama Mnara, akaumauma mdomo asicheke.

Ndege iliporudi siku ya tatu chupa ilikuwemo, imeoshwa. Mnara aliifungua. Ndani hamkuwa na barua wala salamu. Ilikuwemo kamba yake ya katani, imeviringishwa vizuri, kavu. Aliitoa akaishika muda mrefu, akiwa amekaa kwenye benchi la abiria, mpaka yule mtu wa filimbi akamuuliza kama anaumwa.

Safari iliyofuata alipika tena. Kamba aliiweka mfukoni. Alisimama chini ya ngazi na chupa mkononi, Rubani akaja akinukia sabuni yake, na miwani yake, akanyoosha mkono kuipokea. Mnara akampa. Chupa ikashikwa na mikono miwili, mmoja huku, mmoja kule, injini zinangoja, abiria wamefunga mikanda wanatazama dirishani.

"Kaka," akasema Rubani kwa upole. "Achia basi."

Akaachia.